Majani ya tangi yakigeuka manjano, tazama kwanza ni yapi

Niliwahi kuua samaki watano kwa kijiko kimoja cha mbolea. Tangi letu la kioo ni la lita 60, nalijaza kwa maji ya kisima hapa Kisauni. Majani yaliyopandwa ndani yalianza kuwa manjano. Nikafikiri kama mkulima wa mahindi, nikachukua CAN iliyobaki shambani nikatia. Asubuhi samaki wanaelea tumbo juu, na bintiyangu aniuliza, "Baba, kwani wamefanya kosa gani?"

Hawakukosa wao, nilikosa mimi, tena mara mbili.

Kosa la kwanza ni mbolea yenyewe. Nusu ya naitrojeni iliyomo katika CAN ni ya aina ya amonia. Visima vyetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, kwa hivyo maji yake ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Katika maji ya namna hiyo amonia huwa sumu kali zaidi, na huchoma mashavu ya samaki. Ndugu msomaji, mbolea ya CAN, DAP au yurea usiitie kabisa penye samaki.

Kosa la pili, sikutazama ni majani gani yaliyougua. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzitoa kwenye majani ya zamani ukalisha machanga, kama mzazi anayejinyima ili watoto wale. Kwa hivyo majani ya chini ndiyo huugua kwanza. Chuma hakihami. Kikikosekana, majani machanga ya juu ndiyo hutoka yamepauka.

Basi dalili ni hizi. Jani la zamani likiwa manjano lote, mara nyingi ni naitrojeni. Hutokea mimea ikiwa mingi na samaki wachache. Likitoboka vitundu vidogo vyenye ukingo wa manjano, shuku potasiamu. Likiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, huenda ni magnesiamu. Rangi hiyohiyo ya manjano yenye mishipa ya kijani ikiwa kwenye jani jipya, hicho ni chuma. Yangu yalikuwa hayo.

Chakula cha samaki na kinyesi chao huleta naitrojeni na fosforasi, lakini potasiamu na chuma ni kidogo. Kwa potasiamu tumia salfeti ya potasiamu, haina amonia. Gramu moja katika lita 60 huongeza kama miligramu 7 kwa kila lita, na hiyo yatosha kuanzia.

Chuma kina mtihani wake. Katika maji magumu hushika kutu kikatuama chini, mmea usikipate, kwa hivyo kutia msumari wa kutu hakusaidii. Nunua chuma cha maji kilichotengenezwa kwa mimea ya tangi, usome kibandiko. Kilichofungwa kwa EDTA huachia mapema katika maji yetu; cha DTPA hustahimili zaidi. Tia kidogo kidogo.

Badilisha jambo moja tu kwa wakati, kisha subiri wiki mbili. Jani lililokwisha kuharibika halirudi, tazama yanayochipuka. Taa usizidishe saa nane kwa siku, kwa sababu mwanga mwingi huongeza njaa ya mmea na kuleta ukungu wa kijani kwenye kioo. Kila wiki badilisha theluthi moja ya maji. Ukitumia ya mfereji yenye klorini, yaache wazi ndani ya ndoo usiku kucha kwanza.

Samaki wa baharini akikuta maji mabaya hukimbia. Huyu wa tangini hana pa kukimbilia, tumemfungia sisi. Ni amana, na amana huulizwa. Mimi nimeshaulizwa na mtoto wa miaka saba, na sikuwa na jibu.