Sumaku na Mbegu za Gunia

Swali limetufikia kutoka kwa baadhi ya kina mama wa Eastlands, jijini Nairobi, wapandao kunde, mchicha na dania katika magunia yaliyosimamishwa barazani na juu ya mapaa ya nyumba za Umoja, Kayole na Pumwani. Wamesikia ya kwamba mbegu ikilazwa karibu na sumaku kabla ya kupandwa, huota upesi na kwa wingi. Je, hii ni elimu au ni ushirikina? Na je, yafaa kuitolea pesa za matumizi ya nyumbani?

Ushirikina si. Dunia yenyewe ni sumaku, ingawa dhaifu mno: nguvu yake juu ya ardhi ni baina ya maikrotesla 25 na 65. Watafiti wa Madrid, Uhispania, waliozijaribu mbegu za mpunga na mahindi mwanzoni mwa karne hii, walitumia militesla 125 na 250, nguvu iliyozidi hiyo maelfu ya mara. Waliona mbegu zilizopitishwa penye sumaku zikitangulia kuota, na miche yake ikirefuka zaidi katika siku za mwanzo. Wenzao wa Delhi, India, waliona mfano wa hayo katika alizeti. Hudhaniwa kuwa sumaku huisaidia mbegu kunywa maji na kukiamsha chakula kilichomo ndani yake. Hata hivyo wataalamu hawajaafikiana juu ya sababu, na yapo majaribio yasiyoonyesha tofauti yoyote.

Linalotushughulisha sisi ni neno hilo “kutangulia”. Mbegu iliyotangulia kuota kwa siku moja haijawa sufuria ya mboga. Baada ya hapo gunia hutaka udongo, samadi, jua linalopenya baina ya maghorofa, na maji. Na maji ya Eastlands, mfereji ukikauka, hununuliwa kwa mitungi ya lita 20. Tena mbegu iliyokufa haifufuliwi na sumaku. Mama mwenye shilingi chache na aanze na mbegu hai. Pakiti za mbegu zilizoidhinishwa, hasa za mahindi, huwa na kibandiko chenye nambari ya kukwaruza, ambayo mnunuzi huituma kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 ili ajue kama ni halali au ni ghushi. Mbegu zilizobaki zihifadhiwe pakavu, wala si juu ya rafu iliyo karibu na jiko, kwani joto na mvuke huziua kimyakimya. Punje ya dania ipasuliwe vipande viwili kwa kusuguliwa polepole, na kunde zirowekwe saa chache kabla ya kupandwa. Kuroweka huko hakuna gharama, na faida yake haina ubishi kama ule wa sumaku.

Kujaribu si vibaya. Katika kisa cha kupandikiza mitende ya Madina, kilichopokewa na Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwaachia watu mambo ya dunia yao wanayoyajua zaidi. Basi isinunuliwe mashine wala maji yanayosifiwa kuwa ya sumaku. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa yatosha, nayo hupatikana kwa mafundi wa mtaani. Ila vile vijisumaku vidogo ving'aavyo visikae penye watoto: mtoto akimeza viwili, huvutana tumboni na kuweza kuyatoboa matumbo.

Zihesabiwe kunde 40 za pakiti moja. Ishirini zilazwe juu ya sumaku kwa saa moja, ishirini ziwekwe mbali katika chumba hicho hicho. Kisha kila fungu lifungwe katika kitambaa chenye unyevu sawa, na zilizoota zihesabiwe kila asubuhi kwa siku tano. Jambo hili lirudiwe mara tatu, kwa kuwa mara moja huweza kuwa bahati tu. Na mwenye kuhesabu asiambiwe ni kitambaa kipi kilichotoka kwenye sumaku.