Ongeza kasi ya kompyuta, lakini usiichome!

Leo naomba tuache kidogo habari za mitindo na za nani kaachana na nani, tuongee kuhusu joto. Si joto la jiji hili, hilo tumeshalizoea. Nazungumzia joto la ndani ya kompyuta ya mezani, hasa pale mwenyewe unapoamua kulichochea.

Kuna mshkaji mmoja mtaani kwetu, kazi yake ni kupiga video za harusi, sendofu na kipaimara, kisha anazihariri nyumbani. Siku moja saa nne usiku kanigongea mlango, jasho linamtoka kama katoka kukimbizwa. "Kaka, mashine imekufa, na harusi ya watu imo ndani!" Wenye harusi walikuwa wanaitaka kazi yao Jumamosi. Siku yenyewe ilikuwa Jumatano.

Kumbe bwana alikuwa amesikia kuna watu wanailazimisha prosesa ikimbie kuliko ilivyopangwa kiwandani, mchezo unaoitwa ovakloki. Naye akaingia kwenye BIOS, akaandika gigahezi 4.2, akasukuma volti hadi 1.5, akawasha upya. Feni inazunguka, kioo cheusi tii.

Mashine haikufa, ilikuwa imegoma tu. Tulichomoa waya wa umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, tukatoa ile betri ya duara inayofanana na sarafu, CR2032, tukasubiri dakika kumi. Madabodi nyingi zina pini mbili maalumu za kufuta mipangilio, lakini usiku ule nani angezitafuta? Tukarudisha betri, tukawasha, ikaamka na mipangilio ya kiwandani. Jamaa karibu anibusu.

MAPIGO NA VOLTI

Prosesa yake ni Ryzen 5 2600, iliyotoka mwaka 2018, yenye viini sita. Mapigo ya msingi ni megahezi 100, yanazidishwa mara 34, ndiyo unapata gigahezi 3.4. Yenyewe inajiongeza ikipata nafasi. Kiwanda kimeiruhusu ifike 3.9, lakini hapo ni pale kiini kimoja au viwili tu vinapofanya kazi. Ukiibana viini vyote sita, kama wakati wa kutoa video, inakimbia jirani na 3.7. Ovakloki ni kukibadilisha hicho kizidisho kwa mkono wako.

Sasa wengi wanaogopa gigahezi, wakati gigahezi peke yake si mbaya. Ukizidisha, mashine itastaki au itajizima, basi. Anayeua ni volti, na joto analokuja nalo. Joto linapanda sambamba na kasi, lakini kwa volti linapanda kwa volti mara volti. Chukua mfano: unatoka 3.7 kwenda 4.0, na volti unaipeleka kutoka 1.20 hadi 1.35. Kasi umeongeza asilimia 8. Joto umeongeza kama asilimia 37! Na lile feni dogo lililokuja na prosesa halijui habari za tamaa yako.

Zamani ilikuwa raha. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A ya megahezi 300, watu wakabadilisha mapigo ya msingi kutoka 66 hadi 100, ikaruka hadi 450 bila jasho, sawa na Pentium II ya bei mbaya ya wakati ule. Nusu ya kasi unapewa bure! Siku hizi viwanda vimeshajifunza, vinakamua karibu kila kitu wenyewe kabla hujanunua. Kwa hiyo anayekuahidi kompyuta yako itageuka roketi anakuzuga.

Halafu si kila mashine inakubali. Upande wa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K na madabodi ya jamii ya Z. Ryzen nyingi ziko wazi, lakini madabodi iwe kama B450, maana A320 hairuhusu. Na zile kompyuta za maofisini zilizotumika, ambazo wengi wetu ndizo tulizo nazo, mara nyingi BIOS yake haina hata sehemu ya kugusa. Usimlipe fundi akudanganye. Ujue pia kuwa AMD hawakulipi prosesa iliyoungua kwa ovakloki, waranti inaishia hapo.

TULIVYOANZA UPYA

Alhamisi asubuhi hatukugusa BIOS. Kwanza tulinakili harusi nzima kwenye diski ya nje. Hili usilifanyie mzaha, kwa sababu prosesa isiyotulia inaweza kuharibu mafaili kimyakimya, na wewe ukaja kugundua wiki ijayo. Tukafungua kasha, vumbi la kutosha kupandia mchicha! Tukapuliza, tukafuta grisi kavu juu ya prosesa, tukapaka mpya kiasi cha punje ya dengu. Joto lilishuka hata kabla ya kuongeza chochote.

Tukapiga picha kurasa zote za BIOS kwa simu. Volti hatukuiacha ijipange, maana madabodi nyingi zikiachiwa zinapandisha kupita kiasi. Tukaiweka sisi wenyewe 1.25. Kisha kizidisho tukaongeza kidogokidogo, megahezi 100 kila hatua, na kila hatua tukaendesha Cinebench kwa robo saa huku HWiNFO ikituonyesha nyuzi joto. Prosesa hii mwisho wake ni nyuzi 95. Mimi nikisema 80 inatosha, najua nasema nini: joto la prosesa linaanzia kwenye joto la chumba. Anayekusimulia namba zake kutoka kwenye chumba cha nyuzi 20, wewe uliye kwenye chumba cha nyuzi 32 ongeza 12 zako.

3.8 ikapita. 3.9 ikajizima, tukapeleka volti 1.30, ikatulia. Jamaa akaing'ang'ania 4.0, nikamwachia. Kwa volti 1.35 ikapita robo saa safi, joto 84, akashangilia, akaanza kutoa video palepale. Ijumaa asubuhi tunaiangalia: baba anamkabidhi binti yake, mara uso wa baba unakuwa vipande vya miraba ya kijani. Sekunde tatu nzima.

Robo saa haitoshi. Kuna programu inaitwa Prime95, iliyotengenezwa kutafuta namba tasa kubwa, inapiga hesabu ambazo jibu lake inalijua. Prosesa ikikosea hata mara moja, inakwambia. Tuliiwasha kwenye 4.0, ikakamata kosa ndani ya dakika arobaini. Tukarudi 3.9, ikaenda saa sita bila kosa, joto 78. Tukaishia hapo.

Faida? Kazi ya saa moja sasa inaisha dakika tatu kabla. Ndiyo, dakika tatu! Kwangu mimi feni kubwa zaidi ingekuwa hela iliyotumika vizuri zaidi, nilimwambia, akanikatalia. Anasema dakika tatu mara video arobaini za msimu ni saa mbili za usingizi. Ila mchana jua likiwa kali anairudisha ya kiwandani, ya usiku anaipandisha.

Harusi ilitolewa upya usiku wa Ijumaa, ikafika kwa wenyewe Jumamosi saa sita. Mama wa bibi harusi aliitazama yote mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: mbona jina la shangazi mkubwa halipo kwenye shukrani?