Nani bora zaidi kati ya wanariadha wa Gusii? Jibu hutegemea kipimo

UKIULIZA katika kituo cha biashara cha Ikonge, kaunti ya Nyamira, ni nani aliyekuwa mwanariadha bora kuliko wote waliowahi kutoka katika nchi ya Abagusii, usitarajie jibu moja.

Wazee watamtaja Naftali Temu, au hata Nyandika Maiyoro aliyemtangulia. Waliokuwa vijana katika miaka ya tisini watasema Yobes Ondieki. Kizazi cha leo kitashangaa kwamba swali lenyewe linaulizwa ilhali Hellen Obiri yupo.

Mjadala wa aina hii huonekana kama mchezo wa maneno tu. Lakini ndani yake mna jambo zito, kwa kuwa majina yanayotajwa ndiyo yanayoandikwa vitabuni na kufundishwa watoto, na yale yasiyotajwa husahaulika. Aidha, Gusii imezoea kuachwa nje ya simulizi za riadha ya Kenya, ambazo aghalabu huanzia na kuishia katika Bonde la Ufa.

Swali hili limekuwa gumu kwa sababu wanaobishana hawatumii kipimo kimoja, na si Wakenya peke yao wenye tatizo hilo.

Nchini Marekani, mashabiki wa kandanda ya Kimarekani wamebishana kwa miongo mingi kuhusu nani bora zaidi kati ya wachezaji ambao kazi yao ni kubeba mpira na kukimbia nao wakiwapenya wapinzani. Emmitt Smith ndiye aliyekimbia umbali mkubwa kuliko wote, yadi 18,355, lakini alicheza misimu 15. Jim Brown alipata yadi 12,312 katika misimu tisa tu, kati ya 1957 na 1965, na wastani wake ulizidi yadi 100 kwa kila mechi. Barry Sanders aliondoka baada ya misimu 10 akiwa na yadi 15,269.

Anayehesabu jumla humchagua Smith. Anayetazama ni nani aliyewatawala wenzake wa wakati wake humchagua Brown, na anayethamini ufundi wa miguu humchagua Sanders. Takwimu zote tatu ni sahihi, na kila moja hujibu swali lake.

Ndivyo ilivyo kwa Gusii. Hapa vipo angalau vipimo vinne, na kila kimoja kina mtu wake.

KIPIMO CHA KWANZA: ALIYEFUNGUA NJIA

Nyandika Maiyoro hakupata nishani yoyote ya Olimpiki. Kwa anayehesabu medali peke yake, mjadala juu yake umekwisha kabla ya kuanza.

Hata hivyo, mwaka 1954, wakati Kenya ingali koloni, Maiyoro alishiriki mbio za maili tatu katika uwanja wa White City jijini London. Alikimbia bila viatu. Alianza kwa kasi iliyowaduwaza watazamaji, akawaacha wenzake mbali kabla ya kufikiwa, na hatimaye akamaliza wa tatu. Waliomshinda, Fred Green na Chris Chataway, walimaliza kwa muda mmoja wa dakika 13 na sekunde 32.2, muda ambao ulikuwa rekodi mpya ya dunia.

Mwaka huo huo alikuwa wa nne katika mbio hizo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Vancouver. Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne mwaka 1956, Maiyoro alikuwa wa saba katika fainali ya mita 5,000. Miaka minne baadaye mjini Rome alipanda hadi nafasi ya sita.

Kando yake alikuwepo Mgusii mwingine, Arere Anentia, aliyeshinda nishani ya shaba katika mbio za maili sita kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff mwaka 1958. Wakati huo jina la Kipchoge Keino lilikuwa bado halijajulikana duniani.

Hoja ya wanaomtetea Maiyoro ni kwamba nafasi ya saba ya mwaka 1956 haiwezi kulinganishwa na nafasi ya saba ya leo. Hakuwa na mtangulizi wa kumwelekeza, wala hapakuwa na kambi za mazoezi au mbio za fedha za kumnoa. Alipoingia uwanjani, wengi hawakuamini kwamba Mwafrika wa mashariki angeweza kustahimili masafa marefu dhidi ya Wazungu. Alipotoka, shaka hiyo ilikuwa imeanza kuyeyuka.

KIPIMO CHA PILI: USHINDI WA SIKU KUU

Naftali Temu, ambaye jina lake huhusishwa na Nyamira, ana hoja ambayo hakuna mwingine awezaye kumpokonya. Tarehe 13 Oktoba 1968, mjini Mexico City, alishinda mbio za mita 10,000 na kuipa Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki.

Ushindi wenyewe haukuwa mwepesi. Keino, aliyekuwa akiugua, alizidiwa na maumivu ya tumbo kabla ya mbio kumalizika. Mamo Wolde wa Ethiopia aliongoza katika mzunguko wa mwisho, na Temu alimpita karibu na utepe. Alimaliza kwa dakika 29 na sekunde 27.4, sekunde 0.6 tu mbele ya Wolde. Mohammed Gammoudi wa Tunisia alikuwa wa tatu. Siku chache baadaye Temu aliongeza shaba ya mita 5,000.

Wanaompinga husema kwamba Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na kwamba hewa yake nyepesi iliwapendelea watu wa nyanda za juu. Hutaja pia muda wake, uliokuwa nyuma ya rekodi ya dunia ya Ron Clarke wa Australia kwa karibu dakika mbili. Clarke mwenyewe alimaliza wa sita siku hiyo, akiwa hoi bin taabani.

Pingamizi hilo lina ukweli, ila linasahau jambo moja. Mwaka 1966, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaica, Temu alikuwa tayari amemshinda Clarke huyo huyo katika mbio za maili sita. Kingston ni mji wa pwani, na huko hapakuwa na mlima wa kumsaidia.

Temu alifariki mwaka 2003. Kila dhahabu ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata baadaye imefuata nyayo zake.

DHAHABU YA WANNE

Mjadala huu pia huwasahau wakimbiaji wa masafa mafupi na ya kati, kana kwamba Gusii haikuwahi kuwa nao.

Mjini Munich mwaka 1972, Kenya ilitwaa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne kwa dakika 2 na sekunde 59.8. Watatu kati ya wanne hao walikuwa Wagusii: Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko. Wa nne alikuwa Julius Sang. Asati na Nyamau walikuwa pia katika kikosi kilichopata fedha mwaka 1968.

Asati alishinda mita 400 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970 mjini Edinburgh na tena mwaka 1974 mjini Christchurch. Ouko alishinda mita 800 huko Edinburgh, na mjini Munich alikuwa wa tano katika fainali ya umbali huo.

Wapo wanaoipunguzia uzito dhahabu ya 1972 kwa kuwa Marekani haikuweza kusimamisha timu, baada ya wanariadha wake wawili kufungiwa na mwingine kuumia. Lakini mwanariadha hushindana na waliofika uwanjani. Na kama kutokuwepo kwa wengine ni hoja, basi ihesabiwe pia kwamba Kenya ilisusia michezo ya 1976 na 1980, na hivyo kizazi kizima kikanyimwa nafasi ya kupimwa.

KIPIMO CHA TATU: SAA

Anayeamini kwamba saa haina upendeleo atamchagua Yobes Ondieki.

Mwaka 1991 mjini Tokyo, Ondieki alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 baada ya kujitenga na wenzake mapema na kuwaachia kazi ya kumfukuza. Lakini sifa yake kuu ilipatikana mjini Oslo tarehe 10 Julai 1993. Alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 58.38, akawa binadamu wa kwanza kumaliza umbali huo chini ya dakika 27.

Siku tano tu kabla ya hapo, Mkenya mwenzake Richard Chelimo alikuwa ameweka rekodi ya dakika 27 na sekunde 7.91. Ondieki aliipunguza kwa zaidi ya sekunde tisa.

Rekodi hiyo ilidumu mwaka mmoja tu, kabla ya William Sigei kuivunja. Huo ndio udhaifu wa saa: kila rekodi huja na siku yake ya kuvunjwa, na viwanja na viatu hubadilika. Ukimpima Temu kwa saa ya Ondieki, atabaki nyuma kwa takriban dakika mbili na nusu, ingawa Temu ana dhahabu ya Olimpiki na Ondieki hakuwahi kupata nishani yoyote katika michezo hiyo. Lakini cheo cha kuwa wa kwanza kupenya mpaka huo hakivunjiki.

KIPIMO CHA NNE: UPANA NA KUDUMU

Kwa muda mrefu mjadala huu ulikuwa wa wanaume peke yao, na sababu moja ni kwamba milango ya wanawake ilichelewa kufunguliwa. Marathoni ya wanawake iliingia katika Olimpiki mwaka 1984, na mita 5,000 mwaka 1996. Katika enzi za Maiyoro na Temu, msichana wa Gusii mwenye miguu myepesi hakuwa na mbio za masafa marefu za kushiriki katika Olimpiki.

Margaret Okayo alipopata nafasi hiyo, aliitumia barabara. Alishinda marathoni ya New York mwaka 2001 na 2003, ya Boston mwaka 2002 na ya London mwaka 2004. Muda wake wa saa 2, dakika 22 na sekunde 31 mjini New York mwaka 2003 ulibaki rekodi ya mbio hizo kwa miaka 22.

Aliyeivunja mwaka 2025 ni Mgusii mwenzake, Hellen Obiri, kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 51.

Orodha ya Obiri ni ndefu. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 3,000 ndani ya ukumbi mwaka 2012, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2017 na 2019, na bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2019. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameunganisha mataji ya dunia ya aina zote tatu kabla yake. Alipata fedha ya Olimpiki katika mita 5,000 mwaka 2016 na 2021, akahamia barabarani, akashinda Boston mwaka 2023 na 2024 na New York mwaka 2023 na 2025, na kutwaa shaba ya marathoni ya Olimpiki mjini Paris mwaka 2024.

Pengo lake ni moja: dhahabu ya Olimpiki.

UAMUZI

Kwa kupima mafanikio yote kwa pamoja, yaani wingi wa mataji, aina za mbio na miaka ya kuwa kileleni, ni vigumu kumkana Obiri. Hakuna Mgusii mwingine aliyeshinda katika ukumbi, uwanjani, nyikani na barabarani.

Kwa kupima uzito wa ushindi mmoja na kile ulichoiletea nchi, Temu hana mpinzani. Kwa kupima saa na mpaka uliovunjwa, ni Ondieki. Na kwa kupima umbali kati ya mahali mtu alipoanzia na mahali alipofika, Maiyoro anastahili kuketi nao meza moja, japo hana medali ya kuonyesha.

Hatari iko katika kuchagua kipimo kimoja kimyakimya na kujifanya hakuna kingine. Ukihesabu medali tu, Maiyoro hufutwa. Ukihesabu dakika na sekunde, Temu huonekana mwanariadha wa kawaida. Ukihesabu majina yaliyozoeleka barazani, Okayo hasahauliki tu, bali hakumbukwi hata kuulizwa.

Kwa hiyo watakaobishana tena Ikonge, Keroka au mjini Kisii wangeanza kwa kukubaliana kipimo kabla ya kutaja majina. Ubishi hautaisha, lakini angalau kila mmoja atajua anabishania nini, na vijana watakaosikiliza wataondoka wakiwa wamesikia majina yote.