Pampu ya Mafuta Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Stata inapiga, injini inazunguka kwa nguvu, lakini gari haliwaki. Katika gereji nyingi za Dar es Salaam na Nairobi hukumu hutoka papo hapo: pampu ya mafuta imekufa. Siti ya nyuma inang'olewa, pampu nyingine inanunuliwa, inafungwa, na mara nyingine gari bado haliwaki. Mwenye gari kalipia spea na ufundi, ugonjwa uko palepale. Hasara hii inaniuma, kwa sababu mfumo wa mafuta unapimika, tena kwa vifaa vichache ambavyo fundi yeyote anaweza kuwa navyo.

Tuchukue Toyota IST au Probox yenye injini ya 1NZ-FE, magari tunayopishana nayo kila siku. Pampu yake imezama ndani ya tangi. Inasukuma petroli kupitia filta hadi kwenye nozeli kwa presha ya kilopaskali 304 hadi 343, zaidi ya mara tatu ya presha ya hewa inayotuzunguka. Kompyuta ya injini hufungua kila nozeli kwa milisekunde chache, petroli ikatoka kama ukungu na kuchanganyika na hewa. Injini ikishapata moto, gramu 1 ya petroli huhitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Ikiwa ya baridi hutaka petroli zaidi ya hapo. Ndiyo maana presha ikipungua dalili huanza asubuhi: nozeli zinafunguka kama kawaida, ila kinachotoka ni kidogo na hakitawanyiki vizuri.

Ndani ya pampu kuna mota ya umeme, na petroli hupita katikati ya mota hiyo, ikizigusa brashi zinazotoa cheche. Wengi wakiambiwa hivyo hushtuka. Lakini mvuke wa petroli huwaka pale tu unapokuwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya mchanganyiko wake na hewa. Katika pampu iliyojaa petroli tupu hakuna hewa, kwa hiyo cheche haina cha kuwasha. Petroli hiyohiyo ndiyo inayoipoza mota, na hapo ndipo anayetembea kila siku huku taa ya mafuta imewaka anapoichosha pampu yake.

Kipimo cha kwanza ni sikio. Fungua mfuniko wa tangi, mwenzako awashe swichi bila kupiga stata, usikilize mvumo wa sekunde mbili hivi. Ukisikika, pampu inapata umeme. Bado hujajua kama inatoa presha. Usiposikika, usikimbilie kuhukumu, kwa sababu kwenye baadhi ya Toyota kompyuta haiiamshi pampu mpaka ione injini inazunguka. Sikiliza tena wakati stata inapigwa.

Cha pili ni geji ya presha, na hapa ndipo ninapowasihi mafundi wasiruke. Kwanza toa presha iliyobaki: chomoa fyuzi ya pampu, piga stata kidogo, kisha legeza bomba huku umelifunika kwa kitambaa, mbali na moto wowote, kizimamoto kikiwa karibu. Funga geji, rudisha fyuzi, piga stata. Presha ikifika inapotakiwa na kutulia, iacheni pampu na mtafute kwingine. Ikifika halafu ikaporomoka mara tu swichi inapozimwa, huenda valvu ya kuzuia mafuta yasirudi imechoka au nozeli inavuja, na gari litataka stata ndefu kila asubuhi.

Presha ikiwa hakuna, swali linahamia kwenye umeme. Fundi huchomoa soketi ya pampu, anaweka mita, anasoma volti 12 na kutamka kwamba umeme upo. Kipimo hicho kinadanganya. Mita haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utaonyesha volti zote. Pima soketi ikiwa imechomekwa, pampu ikidai mkondo wake, na upime upande wa arthi pia. Soketi yenye kutu ya kijani inaweza kumeza volti mbili au tatu, na pampu nzima ikazunguka kivivu kama mbovu. Hapo dawa ni kusafisha soketi au kubadilisha waya.

Kuna kesi nyingine ambayo pampu husingiziwa kabisa. Kompyuta hujua kwamba injini inazunguka kupitia sensa ya kranki. Sensa hiyo ikifa, kwenye magari mengi pampu hunyimwa umeme, nozeli hazifunguki na plagi hazichomi. Ukiona mafuta na moto vimekosekana kwa pamoja, soma mzunguko wa injini kwenye mashine ya kupimia wakati stata inapigwa. Ikionyesha sifuri, umepata pa kuanzia.

Plagi nazo zina ushahidi wao. Ikitoka kavu baada ya stata ndefu, mafuta hayafiki. Ikitoka imelowa, mafuta yanafika na tatizo liko kwenye moto, au injini imejaa petroli. Kwa iliyojaa, kanyaga mafuta mpaka mwisho huku ukipiga stata. Kompyuta nyingi hufunga nozeli na hewa ikakausha mitungi.

Tena mafuta yenyewe yapimwe. Uchakachuaji si hadithi: Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu yake, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili yasichanganywe kwenye mafuta ya magari. Chukua sampuli kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini na mpaka utauona kwa macho. Pampu nayo huvuta kutoka chini ya tangi. Ukiyaona maji, tangi lishushwe na lisafishwe, na ile chupa ihifadhiwe pamoja na risiti ya kituo ulichojazia, kwa sababu bila hivyo malalamiko yako kwa EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati Tanzania, yatakuwa maneno matupu.