FAHAMU MANENO YA KAMERA ZA ULINZI WA NYUMBA

Kamera za ulinzi, ambazo zamani zilionekana zaidi katika mabenki na viwanja vya ndege, sasa zimeenea hadi katika nyumba za watu, mjini na shamba. Aghalabu kazi ya kuzifunga huachiwa fundi, naye akishamaliza humwonyesha mwenye nyumba picha katika simu na kwenda zake. Mwenye nyumba hubaki hajui maana ya maneno na tarakimu zilizomo katika ukurasa wa mipangilio. Jambo hilo si dogo. Kamera iliyounganishwa na intaneti ni jicho lililomo ndani ya nyumba, na asiyejua ni nani aliyeshika ufunguo wake hawezi kusema kuwa analindwa.

RUTA NA ANWANI

Ruta ni chombo kinachoziunganisha simu, kompyuta na kamera za nyumba moja na intaneti. Kazi yake inafanana na ya masjala katika ofisi ya Serikali. Ofisi nzima ina Sanduku la Posta moja linalojulikana nje, lakini ndani kila ofisa ana namba ya chumba chake, na masjala ndiyo inayojua barua ipelekwe wapi. Vivyo hivyo, ruta hupewa anwani ya IP na kampuni ya intaneti, nayo hukigawia kila chombo cha ndani anwani yake.

Anwani hizo huandikwa kwa namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Zile zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu. Ndiyo maana nyumba nyingi zaweza kuwa na kamera yenye anwani 192.168.1.64 bila ya kugongana, kama vile ofisi nyingi zilivyo na chumba namba 5.

Herufi DHCP ni jina la utaratibu ambao ruta hugawa anwani hizo yenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, kamera yaweza kupewa anwani nyingine, na mtazamaji akadhani kuwa imeharibika. Dawa yake ni kuiagiza ruta iihifadhie kamera anwani moja ya kudumu.

POTI, UPnP NA P2P

Poti ni mlango wenye namba katika chombo. Katika kamera nyingi, poti 80 ni ya ukurasa wa mipangilio na poti 554 hupitisha video. Kwa kawaida ruta haimruhusu mtu wa nje kukibishia chombo cha ndani. Kuelekeza poti ni kuiamuru ruta kwamba yeyote atakayebisha kutoka nje kwa namba fulani apelekwe moja kwa moja kwenye kamera. Kwa njia hiyo mwenye nyumba aliye safarini huiona nyumba yake. Lakini mlango huo haumchagui mgeni, na ziko programu zinazozunguka katika intaneti usiku na mchana zikitafuta milango iliyo wazi.

UPnP ni ruhusa ya kamera kuiomba ruta ifungue mlango bila ya mwenye nyumba kuulizwa. Inafaa izimwe.

Kwa njia ya P2P, kamera yenyewe hutoka na kuungana na kompyuta za mtengenezaji, na simu ya mwenye nyumba huikuta huko kwa namba maalumu. Hapana haja ya kuelekeza poti, ila ni vyema ikaeleweka kuwa mwenye nyumba ameweka amana yake kwa mtengenezaji huyo. Namba hiyo, ambayo aghalabu hubandikwa juu ya kamera, isionyeshwe watu.

NENOSIRI

Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vyombo vingi vya kurekodia video duniani. Haikuhitaji hila kubwa. Ilijaribu orodha ya zaidi ya majina na maneno ya siri 60 yanayowekwa kiwandani, mfano wa “admin” na “123456”, na wenye vyombo hawakuwa wameyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba 2016 vyombo vilivyotekwa vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na huduma kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watumiaji wengi kwa saa kadhaa. Uingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, imepiga marufuku kuuza vyombo vya aina hii vikiwa na nenosiri moja la wote lililo jepesi kukisiwa.

HIFADHI NA SAA

Kamera inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 21 kwa siku. Kadi ya gigabaiti 128 itatosha siku 5 na ushei, kisha picha za mwanzo zitafutwa. Kuitazama kwa simu kwa saa moja hutumia takriban megabaiti 900 za kifurushi.

Saa nayo isidharauliwe. Kamera iliyobakia na saa za China, zilizotangulia saa zetu kwa saa 5, itaandika kuwa wizi wa saa 4 usiku ulitokea saa 9 usiku, na ushahidi kama huo utaleta mashaka mbele ya Polisi. Saa iwekwe UTC+3.

KABLA FUNDI HAJAONDOKA

Wananchi wanashauriwa kuhakikisha mambo yafuatayo:

(a) Nenosiri la kamera na la ruta limebadilishwa na mwenye nyumba mwenyewe, na fundi hakubaki na ruhusa ya kuingia.

(b) UPnP imezimwa, na hakuna poti iliyoelekezwa bila ya mwenyewe kujua.

(c) Programu ya ndani ya kamera ni ya karibuni kutoka kwa mtengenezaji.

(d) Saa na tarehe ni sahihi.

(e) Kamera inaelekea lango na ua wa mwenyewe. Dirisha la jirani si sehemu ya ulinzi wa nyumba, na faragha yake ni haki yake.

Fundi akishindwa kueleza lolote kati ya hayo, kazi yake bado haijakamilika.