Upana wa Mlango

Pwani yetu haikungoja chuo kikuu ili ijue kufanya shughuli. Kabla neno shahada halijapata maana ya cheti, alikuwapo somo aliyejua saa ya kumtoa bibi harusi, alikuwapo mpishi aliyeitwa kutoka mtaa wa pili kwa kuwa sufuria lake la pilau halikupata kumuaibisha mtu, na walikuwapo wazee wa kupokea wageni mlangoni, kila mgeni kwa hadhi yake. Hata leo, Dar es Salaam, kamati ya harusi, pamoja na mwenyekiti wake, mhazini wake, vikao vyake vya kila juma na daftari lake la ahadi za michango, ina nidhamu ambayo idara nyingi hazinayo. Kwa hiyo mzazi anijiaye na hofu ya karo mkononi, akaniuliza mwanawe atafundishwa nini kwa miaka mitatu au minne ambacho shangazi yake hakijui, haulizi swali la kipuuzi.

Ilimu hii ya kusimamia shughuli yenyewe bado changa. Shahada ya kwanza ya fani hii nchini Uingereza ilianza kufundishwa Leeds mwaka 1996, na mwaka uliofuata mwanachuoni wa Kanada, Donald Getz, akatoa kitabu ambacho wanafunzi wamekuwa wakikirejea tangu hapo. Kwetu, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kina skuli ambayo jina lake huunganisha utalii, ukarimu na usimamizi wa matukio. Neno hili la mwisho silipendi sana, na msomaji aniwie radhi kwa kulitaja: tukio hutukia lenyewe, kama ajali au mvua ya mawe, ilhali shughuli hufanywa, nayo haikosi mwenyewe wa kuulizwa.

Wataalamu wamezoea kuigawa taaluma hii mafungu matano: utawala na fedha, ubunifu, masoko, utendaji wa siku yenyewe, na hatari. Katika ubunifu shangazi aghalabu hutushinda. Katika fedha na mikataba chuo humwongezea kijana jambo la maana, yaani kuuliza kabla ya siku, na kwa maandishi, ni nani atakayebeba hasara iwapo mshereheshaji hakutokea, au jenereta limezimika, au turubai limeng'olewa na upepo wa kusi. Lakini fungu la tano ndilo linalomtenga msomi na mzoefu, na ajabu ni kwamba wanafunzi wengi, waliokuja kwa kupenda mapambo na taa, hulikuta bila kulitarajia, kisha wakaona kuwa ni hesabu tupu.

Hesabu hiyo ni hii. Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja vya michezo, ambao ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1973 baada ya watu 66 kufa katika uwanja wa Ibrox, Glasgow, mwaka 1971, hukadiria kwamba katika kila mita moja ya upana wa njia tambarare hupita watu 82 kwa dakika, na katika ngazi 66. Chukua, mathalani, ukumbi wa wageni 1,000 wenye mlango mmoja wa mita mbili: watahitaji zaidi ya dakika sita kutoka. Na ikiwa ubao mmoja wa mlango umefungwa komeo, kama ilivyo ada yetu ili kuwazuia wasioalikwa, watahitaji dakika kumi na mbili na zaidi, na moto ulioshika mapazia hautoi muhula wa namna hiyo.

Tena lugha yetu imetupoteza kidogo katika jambo hili. Misiba ya halaiki tunaiita mikanyagano, tukadhani kwamba watu hukimbia wakaangushana na kukanyagana. Lakini katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989, lango lilifunguliwa ili kupunguza msongamano wa nje, na watu wakaelekea katika vizimba vilivyokwisha kujaa. Waliopoteza maisha ni 97, na wengi wao waliuawa na kubanwa, kwa kuwa kifua kisichopata nafasi ya kupanuka hakivuti pumzi. Aliye nyuma husogea hatua moja kwa furaha, bila kujua kwamba hatua yake, ikijumlishwa na za mamia wengine, inamwangukia aliye mbele kabisa. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kuutazama umati kabla haujaanza kupiga kelele: watu wakifika wanne au watano katika mita moja ya mraba, mlango wa kuingilia hauna budi kusimamishwa.

Seoul, Oktoba 2022, watu 159 walikufa katika kichochoro cha mtaa wa Itaewon usiku wa sherehe ambayo haikuwa na mwenyewe: hapakuwa na kamati wala mwenyekiti, wala mtu aliyepewa jukumu la kuhesabu wanaoingia. Nilipoisoma habari ile nilifikiri vichochoro vya Mji Mkongwe, na Ngome Kongwe ambamo tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, jengo la mwishoni mwa karne ya 17 ambalo waashi wake walikusudia watu wasiingie kwa urahisi, nasi leo twawaalika. Aidha Kenya, Tanzania na Uganda, zilizoandaa pamoja michuano ya CHAN Agosti 2025, zimekabidhiwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na wahesabuji wa milango watatakiwa kwa wingi.

Kwa sababu hiyo somo langu la kwanza halina kitabu. Kila mwanafunzi hupewa futi ya fundi, akaenda ukumbi wowote wa mtaani kwao kupima milango na kuandika ipi inafunguka. Mwaka jana binti mmoja alirudi na karatasi yenye mistari miwili: mlango wa mbele, mita moja na nusu, mlango wa nyuma, mita mbili, una kufuli, na ufunguo anao mlinzi, ambaye alikuwa amekwenda kunywa chai.