Mwenye nyumba akisema "hama", kuku na mbwa wanakwenda wapi?

Leo naweka pembeni chanjo na vyakula, tuongee habari ya nyumba. Vijana wengi ninaowahudumia wanafugia kwenye nyumba za kupanga, na wengi hawana hata mstari mmoja wa maandishi unaosema wanaruhusiwa kufuga. Mambo yakiharibika ndipo simu inapigwa kwangu.

Mwaka jana ilipigwa moja saa moja asubuhi. Kijana mmoja, anapanga pembezoni mwa mji wa Morogoro, vyumba viwili na uwanja wa nyuma.

"Shikamoo bwana mifugo. Mama mwenye nyumba kanipa mwezi mmoja. Nihame na kuku wangu na mbwa wangu."

Alikuwa na kuku 130 wa mayai, wiki ya 22. Yaani ndiyo kwanza wameanza kumlipa: trei tatu kwa siku na zinaendelea kupanda. Kuku wa mayai mmoja anakula kama kilo 7 kabla hajataga yai la kwanza. Piga hesabu kwa kuku 130, unapata karibu mifuko 18 ya kilo 50. Mifuko yote hiyo ilishaingia matumboni, na pesa yake ilikuwa bado haijarudi.

Na alikuwa na Simba, mbwa aliyemwokota mtaroni akiwa mdogo. Kabla ya Simba, kijana aliibiwa kuku 11 usiku mmoja. Tangu Simba aanze kulala mlangoni pa banda, hajapotea hata mmoja.

Nikiri jambo hapa. Banda lile nilipima mimi. Nilielekeza urefu wake mashariki na magharibi ili jua lisiwachome kuku, nikahesabu nafasi ya kila kuku, nikaonyesha maranda yawekwe kina gani. Swali moja tu sikuuliza: kiwanja hiki cha nani, na mwenyewe anajua? Kumbe mama aliambiwa "kuku wachache" kwa mdomo, siku ya kukabidhiwa funguo. Mbwa hakutajwa kabisa.

KILICHOMFIKISHA PABAYA

Nilipofika nilimkuta mama kibarazani. Nikamsalimia, nikakaa, nikamwacha aseme. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mambo matatu.

La kwanza, harufu na nzi. Mvua ilikuwa imenyesha, maranda yakalowa, mbolea ikarundikwa ukutani mwa jirani. La pili, Simba alikuwa anabweka usiku kucha. La tatu ndilo lililomaliza uvumilivu: mtoto wa mpangaji mwenzake alikimbilia mpira karibu na banda, Simba akamrukia, akamkwaruza mguuni. Mtoto alipelekwa hospitali siku ileile, na vizuri walifanya hivyo.

Nikamgeukia kijana. "Mbwa amechanjwa?"

"Alichanjwa, nadhani, alipokuwa mdogo."

"Kadi iko wapi?"

Kimya.

Mama akasema, "Umeona, daktari? Mwanangu huyu simchukii. Lakini nikilala nawaza kichaa cha mbwa."

Na ana haki ya kuwaza. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishamtokea mtu, kupona ni karibu haiwezekani. Ndiyo maana mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali bila kusubiri kesho. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Ukiwa mfugaji wa kibiashara na mbwa wako hana kadi ya chanjo, siku ya ugomvi hata akiwa mzima huna cha kuonyesha.

"KUKU NAWEZA KUUZA. SIMBA NIMUUZE KWA NANI?"

Hayo ni maneno yake tulipobaki wawili. Alishapiga hesabu: kuku akiwauza kwa bei ya nyama atapata hasara, lakini wateja wapo. Mbwa mkubwa asiye na kadi, aliyekwaruza mtoto, nani anamtaka? Nyumba mbili alizokwenda kuulizia walikubali kuku, wakakataa mbwa. Rafiki zake wakamshauri amfungulie tu usiku, aende zake.

Nikamwambia hilo hapana. Mbwa aliyetupwa haendi zake. Anazurura jalalani, anang'atana na mbwa wasiochanjwa, na akipata ugonjwa anaurudisha mtaani kwa watoto walewale. Ukishamchukua mbwa umechukua dhamana. Kama huwezi kuhama naye, mtafutie mtu wa kumpokea kwa jina, umkabidhi akiwa amechanjwa na kadi yake mkononi.

TULIVYOZUNGUMZA NA MAMA

Tulimwita mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Cha kwanza alichouliza ni risiti ya kodi. Kijana alikuwa amelipa mpaka mwisho wa mwezi wa tatu kutoka siku ile. Mwenyekiti akamwambia mama kwa upole kwamba pesa aliyoipokea inampa kijana nafasi ya kukaa hadi hapo, isipokuwa akirudishiwa chake.

Kwa faida yenu: Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Sura ya 113, inasema upangaji usio na muda maalumu unahesabika kwa kipindi cha kodi, na notisi ya kuuvunja isipungue kipindi hicho. Mkishindwana, usuluhishi unaanzia Baraza la Kata, na shauri lenyewe linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini usikimbilie huko kabla hujakaa kibarazani. Kesi ni ya miezi, kuku wanakula kila siku.

Tulikubaliana hivi, na tukaandika: kijana akae miezi mitatu ya kodi yake. Mbolea iondoke kila baada ya siku mbili, maranda yaliyolowa yatolewe siku ileile. Simba achanjwe wiki hiyo, afungwe mchana, na uzio wa kumtenga na watoto uwekwe kabla ya Jumapili. Mama alisaini, kijana alisaini, mwenyekiti akagonga muhuri. Simba alichanjwa kesho yake. Na jambo la kwanza kijana alilofanya jioni ile, bila kuambiwa na mtu, ni kwenda kwa mama wa yule mtoto kuomba radhi na kurudisha gharama za hospitali.

KUHAMA KWENYEWE

Nyumba ya tano ndiyo iliyokubali kuku na mbwa pamoja. Ni mbali na barabara, maji ya shida kidogo, lakini kodi nafuu. Ukifika hatua hiyo, fanya hivi:

1. Banda jipya liwe limesafishwa, limepuliziwa dawa na limekauka kabla kuku hawajaguswa. Maji na vyakula viwasubiri wao.

2. Hamisha usiku au alfajiri, kwenye mwanga hafifu. Kamata kuku kwa utulivu, usimning'inize kwa mguu mmoja. Usijaze makreti kupita kiasi.

3. Wape maji yenye vitamini siku tatu za kwanza. Chakula kiwe kilekile na saa za mwanga zilezile. Wiki hiyo usichanje, usibadilishe chochote.

4. Mbwa apelekwe na gunia lake la kulalia, lisifuliwe. Mfunge kamba na umtembeze mwenyewe siku za mwanzo, la sivyo atarudi kwenye nyumba ya zamani.

5. Ukivuka kwenda wilaya nyingine, pitia kwanza ofisi ya mifugo uchukue kibali cha kusafirisha.

Hata ukifanya yote hayo, mayai yatashuka. Yake yalishuka kutoka trei nne hadi moja na nusu. Ilichukua karibu wiki tatu kurudi. Hasara hiyo hakuna sheria itakayokurudishia.

ANDIKA KABLA HUJAINGIA

Sasa nisikilize wewe ambaye bado hujapewa notisi. Mkataba wako wa nyumba upimwe kwa umri wa mifugo yako, usipimwe kwa kodi peke yake. Kuku wa nyama unawauza wiki ya 4 hadi 6, kwa hiyo notisi ya mwezi mmoja inaweza isikuue. Kuku wa mayai anaanza kutaga wiki ya 18 hadi 20 na anaendelea mpaka wiki ya 72 au 80. Ukiweka kundi hilo kwenye mkataba wa miezi sita, umejitegea mtego mwenyewe.

Kwenye karatasi hakikisha mambo haya yamo: aina ya mifugo na idadi yake, mbwa atajwe wazi, sio "na vinginevyo", notisi isiyopungua miezi mitatu kwa pande zote mbili, mbolea inakwenda wapi na kila baada ya siku ngapi, na banda ni la nani siku ya kuondoka. Ukijengea saruji kwenye kiwanja cha mtu, tegemea kuliacha. Jenga la mbao na wavu, lifungwe kwa bolti, siku ya kuhama unalifungua na kupakia.

Na usimdanganye mwenye nyumba kwa "kuku wachache". Mpeleke akaone banda la mwenzako lililo safi. Akikataa, afadhali akatae leo ukiwa na vifaranga sifuri.

Mimi nami nimebadilika. Siku hizi nikiitwa kupima banda, kabla sijatoa futi naomba kuona mkataba. Wengine wananiona msumbufu. Sawa tu.

Juzi nilipita kwa yule kijana. Alinionyesha mkataba mpya, kurasa mbili, umechapwa kwa steshenari. Kwenye kipengele cha nne pameandikwa: kuku wa mayai wasiozidi 200, na mbwa mmoja mlinzi aitwaye Simba, mwenye kadi ya chanjo. Kadi yenyewe imebanwa kwa nyuma. Simba alinibwekea mpaka nikatoka getini.

Tukutane wiki ijayo, tutaongelea maranda na unyevu kipindi cha mvua.

Bwana mifugo wenu.